Utabiri wa Paka na Ungo

Kwetu mkamwana haongei na baba mkwe. Hamtazami usoni, na akimwona anakuja njiani anachepuka kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wa Kyela mjini wameyaacha hayo. Wanakula meza moja na wakwe zao na kutaniana. Nyumba niliyoolewa, huku Talatala, haikuyaacha. Sikuona ubaya. Heshima ina raha yake, hasa ukiwa na mama mkwe msemaji.

Mama ndiye aliyebeba maneno yetu. Baba mkwe ni mgonjwa wa ligi ya Hispania, na mimi nililelewa Busale kati ya kaka watupu, watu wanaoacha ugali upoe kwa kubishania penalti. Kwa hiyo kila Jumapili, kabla ya mechi, baba alikaa barazani, mimi jikoni, na mama akatembea katikati akipeleka utabiri na kuurudisha. Mpira wenyewe hakuujua hata kidogo.

"Baba yako anasema katikati pamelegea."

"Katikati ya timu gani, mama?"

"Nitajuaje? Ya wale wanaovaa nguo safi."

Wenye nguo safi ni weupe wa Madrid, ambao baba na mimi tunawashabikia.

Mama alipofariki, nyumba ikanyamaza. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani anapita tu. Baba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, runinga akiisikiliza tu. Akaanza kuacha chakula nusu. Wifi yangu anayeishi Mbeya akasema atakuja kumchukua, maana mzee asiye na wa kuongea naye anakufa huku anapumua. Hakukosea. Lakini kumtoa mzee yule kwenye kokoa yake na kaburi la mkewe, kwenda kumkalisha kwenye chumba cha mjini, kuliniuma sana. Nami nilimpenda, niseme wazi. Nilipokuwa bibi harusi mgeni, alikuwa akiniwekea ndizi mbivu mlangoni mwa jiko bila neno, mpaka nikajua nimepokewa.

Jumapili moja nilikuwa napeta mchele. Nikafungua uchambuzi kwenye simu, nikausoma kwa sauti, kama ninayeusomea ungo. Weupe walikuwa wanakwenda Bilbao na wachambuzi wote waliwapa ushindi. Baba alikuwa barazani, upande wa pili wa ukuta wa matete. Kisha nikamsikia baba akimwambia paka wake, "Paka, hao wachambuzi wameuliza kama Bilbao kumenyesha?"

Nilifurahi mpaka mchele ukamwagika. Nikauambia ungo kwamba mvua ilikuwa inanyesha huko tangu jana.

"Basi uwanja ni mzito," akamwambia paka. "Weupe wamecheza katikati ya wiki, miguu imechoka. Mcheza kwao hutunzwa. Sare."

Nikambishia kupitia ungo, tena kwa ukali. Ikawa sare. Jioni ile alimaliza sahani.

Tukaendelea hivyo, Jumapili kwa Jumapili, na paka akawa mjuzi wa majeruhi kuliko watangazaji. Mtu angesema tuna vichaa wawili nyumbani, lakini hakuna aliyetusikia.

Wifi alikuja Jumapili, na begi tupu. Mbele yake niliona aibu, nikakaa jikoni kimya na ungo wangu. Yeye alikuwa anakunja mashati ya baba pale barazani. Weupe walikuwa wanacheza Sevilla jioni hiyo. Baba alivumilia, akavumilia, mwisho akashindwa.

"Paka," akasema, "yule beki wa kulia amepona?"

Paka hakuwepo. Alikuwa jikoni kwangu, ananusa samaki aliokuja nao wifi.

Wifi aliacha kukunja. "Baba anaongea peke yake," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. "Hali imefika huku na hamkuniambia." Akaendelea kujaza begi, sasa kwa haraka.

Nilielewa kwamba mchezo wetu ndio uliokuwa unamwondoa baba. Nikajitanda kitenge kichwani, nikatoka, nikapiga magoti kwenye pembe ya baraza, macho chini, nikamwita baba kwa lugha ya kwetu, neno ambalo sikuwahi kumwambia tangu niolewe.

"Tata. Hajapona. Wamemweka kijana, na winga wa Sevilla ana mbio. Leo tutafungwa."

Wifi aliduwaa. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu, nikisubiri. Nilijua baba angeweza kuinuka akaingia ndani, na asingekuwa na kosa.

"Ngapi?" akauliza. Aliniuliza mimi.

"Mbili kwa moja."

"Mkamwana, acha hizo. Kiungo yule mzee atashuka kumsaidia kijana. Tunashinda moja."

"Kiungo yule hana pumzi, tata. Dakika ya sitini anatolewa."

"Nani kakwambia?"

"Miguu yake."

Baba alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Kisha akamgeukia binti yake na yale macho yasiyoona.

"Mwanangu, ndaga, asante kwa kunijali," alisema. "Sasa niambie. Huko Mbeya, kwako, ni nani atanibishia?"

Wifi alikaa chini karibu na begi, akaanza kutoa mashati, moja moja.