Mkebe wa Oti

Harufu ya maziwa yaliyoshika kidogo chini ya sufuria hunirudisha Iveti kila ninapoipata, hata ikiwa inatoka kwa jirani na mimi napanda ngazi na mifuko ya sokoni mikononi. Ni Iveti ya mwezi wa saba, milimani juu ya mji wa Machakos, ukungu ukiwa umelala kwenye mikahawa ya shambani kwetu hadi karibu saa nne asubuhi na mabati yakidondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Watu wakisikia kwamba Ukambani ni kukavu hudhani ni joto mwaka mzima. Waje walale kule mwezi wa saba, wataomba blanketi la pili kabla hawajavua viatu. Jiko la nyanya yangu lilikuwa kibanda cha udongo kando ya nyumba, kuta zake nyeusi kwa masizi, na asubuhi hizo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo mtu angeweza kuhisi vidole vyake. Tulikuwa wawili tu: mimi, nikiwa darasa la pili, na yeye, ambaye nilimwita Susu kama Wakamba wote wanavyowaita nyanya zao. Ndugu sikuwa nao. Wenzangu shuleni walilalamika kwamba wanabanwa kitandani na wadogo zao, na mimi niliwaonea wivu huko kubanwa.

Mama yangu, Wayua, alikuwa kitindamimba wa Susu, na alifanya kazi ya nyumbani huko Nairobi. Baba sikumjua na hakuna aliyemtaja. Mama alikuja akipata ruhusa, na akipata ruhusa ilikuwa mara chache. Msimu huo wa baridi, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuja na mkebe mkubwa wa bati wenye kifuniko cha kushindilia, zawadi ya tajiri wake. Ndani mlikuwa na oti, nafaka ya Kizungu iliyobanwa ikawa vipande vyembamba vyeupe. Hatukuwa tumewahi kuiona. Susu alichota kidogo, akaisugua kati ya viganja, akaipuliza kama anayepepeta, halafu akauliza kwa upole kabisa kama hicho ni chakula cha watu au ni pumba za kuku. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa leso. Sikumbuki mara nyingi ambazo sisi watatu tulicheka pamoja, kwa hiyo ile ninaikumbuka vizuri, hata mahali kila mmoja wetu alipokuwa ameketi.

Siku chache alizokaa alinifundisha kuipika. Maji kwanza, na chumvi kidogo tu, ya kushika kwa vidole. Yakichemka unapunguza kuni, unamimina oti polepole kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga, la sivyo inajifunga mabonge. Kisha unaiacha ijifikirie, ndivyo alivyosema, ijifikirie, mpaka ianze kupumua mapovu mazito yanayopasuka juu. Hapo ndipo maziwa yanaingia, halafu asali, kwa sababu Susu alikuwa na mzinga nyuma ya zizi na sukari aliiona ni ya wageni. Kilichonishangaza zaidi ni kijiko. Kwetu uji hunywewa, kwa kikombe, ukipuliza na kuvuta. Huu ulikaa katika sahani na ukaliwa kwa kijiko kama wali. Susu alikataa kijiko. Aliuongezea maji ya moto kwenye kikombe chake hadi ukakubali kunywewa, akanywa, akasema hauna ladha mbaya, ila ni uji ambao haujaamua kama ni uji.

Siku ya kuondoka, Mama alipanga mkebe kwenye rafu ya jikoni, mahali ambapo ningeufikia nikipanda kigoda. Alinishika mashavu kwa mikono yake yenye harufu ya losheni ya Nairobi. "Mkebe huu ukiisha, nitakuwa nimekuja kukuchukua tukakae pamoja," aliniambia. Kisha akainua mfuko wake, akateremka kwa njia ya kwenye mikahawa, na alipofika getini, bila kugeuka, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote wawili: "Haya, nakuja."

Mtoto mwingine pengine angeutunza mkebe ule. Angekula kidogo kidogo, azidi kuonja mkono wa mama yake. Mimi nilipiga hesabu nyingine. Kama mkebe ukiisha Mama anakuja, basi kazi yangu ni kuumaliza. Niliamka kabla ya Susu, nikachochea moto, nikapika. Nikitoka shule nilipika tena. Nilikula nikiwa na njaa na nikiwa nimeshiba. Nilimlazimisha Susu aongeze kikombe, nikamwekea paka katika kifuniko cha sufuria, na paka yule, aliyekuwa na majivuno ya paka wa milimani, alinusa akaondoka. Mwalimu alinitazama akasema siku hizi nimenenepa mashavu, ni kitu gani wananipa nyumbani. Sikumwambia. Niliona nikimwambia mtu nitaharibu. Nilikuwa na shughuli yangu, na shughuli hiyo ilinifanya nijisikie mpweke kuliko nilivyokuwa nikijisikia kabla, maana sasa nilikuwa nahesabu kila kitu peke yangu na kicheko cha wenzangu uwanjani kilinifikia kwa mbali.

Lakini mkebe haukuisha. Nilikuwa nikiingiza mkono asubuhi naona umeshuka, kesho yake naona uko palepale. Mwanzoni niliona ni macho yangu. Baadaye nikaanza kupima kwa kidole, kucha ikigusa oti na alama ya masizi ikibaki pembeni ya bati, na alama ile ilikuwa ikifunikwa. Siku hizo hizo mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa akiuza maparachichi mjini, alipita kwetu jioni. Waliongea na Susu karibu na zizi, sauti zikiwa chini, na nilipotokea wakaanza kuongea habari za mvua. Tangu jioni ile Susu akawa anatwanga mchana. Hilo ndilo lililonitatiza. Kutwanga tulikujua, kwetu mahindi hutwangwa yakatoka maganda, yakawa muthokoi, yakapikwa na maharagwe. Ila muthokoi hutwangwa ili uliwe, na usiku tulikula viazi, na kesho yake isyo, mahindi na maharagwe yasiyotwangwa. Kinu kililia kila nilipokuwa nikipandisha kilima kutoka shule, na muthokoi sikuuona sahanini.

Niliuona kwenye ungo, juu ya paa la banda la kuku, ukianikwa. Ulikuwa umetwangwa kupita kiasi, ukapondekapondeka, ukawa vipande vyembamba vyeupe. Nilichukua kimoja nikakitafuna. Halafu nikaenda jikoni, nikapanda kigoda, nikachota mkebeni na kutazama kiganjani karibu na mlango penye mwanga. Oti ilikuwa imebaki kidogo sana kati ya mahindi ya Susu. Kumbe nilikuwa nakula mahindi siku zote hizo, na asali ikinidanganya ulimi. Usiku huo, tukiwa tunaota moto, nilimwuliza mbona mkebe hauishi.

Susu alisukuma kuni kati ya mafiga. "Kwani wewe una haraka ya kwenda wapi?" aliniuliza. "Umechoka na mimi?"

Nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtoto ambayo haina mahali pa kuketi. Niliona ni yeye anayemzuia Mama. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, alipokwenda kukama, nilishusha sufuria kubwa, ile ya matanga na harusi, nikajaza maji nusu na kumimina mkebe wote. Niliupigapiga chini kwa kiganja mpaka unga wa mwisho ukatoka. Uji ulifura, ukapanda, ukafurika na kuzima upande mmoja wa moto, na moshi ukajaa kibanda. Susu alinikuta nimeshika mwiko kwa mikono miwili, nalia kwa sababu ya moshi, au nilijiambia ni moshi. Alitazama sufuria, akautazama mkebe mtupu uliolala ubavuni. Hakunigombeza. Aliketi, akachukua kijiko, kile alichokuwa akikikataa, akala nami kutoka sufuria ileile mpaka tukashindwa. Kisha nilikwenda nikaoga maji baridi, nikavaa gauni na viatu vya kanisani, nikaketi kwenye jiwe la getini. Niliamini kabisa. Nataka ieleweke kwamba sikuwa nikijaribu wala kucheza. Nilikuwa nimeshavaa.

Ukungu uliondoka, jua likatoka kidogo, ukungu ukarudi. Watu walipita wakinisalimia na kuuliza ninakwenda wapi nimependeza hivyo. Nilisema namngoja Mama. Mmoja alitaka kusema kitu akaacha. Mchana Susu aliniletea shuka, akanifunika mabega, akarudi shambani, na kila nilipogeuka niliona jembe lake limesimama. Jioni baridi iliposhika alikuja akaketi chini, karibu na jiwe, miguu ameinyoosha kama mtu aliyemaliza safari.

"Mumbua, mamako hakuji," alisema.

Nilimwambia alisema anakuja. Alisema pale pale getini, na Susu mwenyewe alisikia.

"Nilisikia. Lakini huku kwetu mtu akienda ndivyo husema. Hatusemi naenda, ni vibaya. Tunasema nakuja."

Ndipo akanieleza, kwa maneno machache, alivyosikia kwa yule jirani wa maparachichi, kwamba Mama ameolewa na mtu wa Nakuru, na huko nyumbani kwa huyo mtu bado haijasemwa kwamba mimi nipo. Alisema "bado" akijaribu kulilainisha neno hilo. Nilihisi baridi ikiniingia kutoka kwenye jiwe mpaka kifuani. Nilikuwa nikilijua lile neno nakuja tangu kuzaliwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nikilisema nikienda mtoni. Haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kulisema na kwenda kabisa. Susu alinibeba mgongoni hadi nyumbani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea na yeye alikuwa na maumivu ya goti.

Jumatatu nilipoamka nilikuta mkebe uko mezani, hadharani, umejaa vipande vya mahindi juu hadi mdomoni, hakuna oti hata moja ndani yake. Susu alikuwa tayari amebandika maji. "Huu ni wangu," aliniambia. "Huu ukiisha, utanikuta bado niko hapa." Tuliumaliza, akaujaza. Tuliumaliza tena. Nilikula uji ule hadi darasa la nane, na sikuwahi tena kuwa na haraka nao. Upweke haukuondoka, sitadanganya. Ulihamia tu, ukawa kitu kinachokaa nasi mezani, tukakizoea.

Sasa ninaishi Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, ghorofa ya tatu, na oti inauzwa kila duka, ya kupikwa na ya kumwagia maji tu. Susu amelala chini ya mikahawa yake. Nimejaribu kutwanga muthokoi ule kwa mashine ya umeme na ukatoka unga. Mama tunaonana. Mumewe alifariki, watoto aliozaa kule wamekwenda zao, na siku za karibuni amekuwa akija kunitembelea. Tuna heshima kati yetu. Nampikia, ananisifu, tunaongea habari za bei na za magonjwa. Mkebe hatujawahi kuutaja, na sidhani anaukumbuka. Mimi nikimwacha binti yangu Mwende shuleni husema, "Naenda, nitarudi jioni," hata wenzangu wananicheka kwamba ninaongea kama mtangazaji.

Mwezi wa saba uliopita Mama alilala kwangu. Asubuhi ilikuwa na baridi kama ya kule Iveti, ya ukungu, na alipika oti kwa ajili ya Mwende, akampandisha kwenye kiti na kumwonyesha namna ya kumimina kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Nilimsikia akimwambia aiache kwanza ijifikirie. Mwende alikula yote akalamba kijiko. Kisha nyanya yake akachukua mfuko wake, akambusu kichwani, akafungua mlango, na akiwa tayari kwenye ngazi akasema bila kugeuka, "Haya, nakuja."

Mwende aliburuta kile kiti hadi dirishani, akapanda, akaweka paji la uso kwenye kioo. Nilikwenda nimshushe. Nilikuwa na maneno ya Susu tayari mdomoni, kwamba huku kwetu mtu akienda ndivyo husema. Sikuyatoa. Mama alitokea chini, mdogo ndani ya sweta lake, akavuka ua na kupita geti. Nilisimama nyuma ya mwanangu, mikono yangu mabegani mwake, na hata baada ya geti kufungwa tulibaki pale, sote wawili tukitazama.