Solomon na Tepu za Kigong

Mume wangu Solomon alikuwa na kazi ambayo hakuna Mkenya mwingine pale Silver Spring aliyeielewa. Kanisani wakimuuliza unafanya nini, anajibu, "Nasikiliza." Ai! Mtu mzima na ndevu zake, ametoka Kisumu na digrii, amekuja Amerika kusikiliza! Mimi nilikuwa nikiinua wazee wa watu vitandani mpaka kiuno kinalia, na yeye ameketi zake chuo kikuu pale College Park, hedifoni masikioni, chai kando. Nilikuwa namwambia, "Baba Bridget, kati yetu wewe ndiye uliyeiona Amerika."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chuo kilikuwa na masanduku ya tepu za zamani, zile za magurudumu makubwa, na zilikuwa zinaharibika. Solomon alizicheza moja moja kwenye mashine, sauti ikiingia kwenye kompyuta. Akisikia mkwaruzo anasimamisha, anapangusa, anaanza upya. Nadhani ilikuwa mwaka wa 2003 zilipoletwa tepu za Kigong.

Wagong ni watu wachache wa milimani, magharibi mwa Thailand. Kwenye tepu kulikuwa na mzee wao mmoja. Anaulizwa neno, analitamka mara tatu, anangoja jingine. Aliyezihitaji ni Mark, kijana aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya sauti za lugha hiyo, na ndiye aliyemfungua Solomon masikio. Alimweleza kwamba sauti ikipandishwa neno lina maana hii, ikishushwa lina maana ile. Siku hiyo Solomon aliingia nyumbani, na kabla hata hajavua koti akaanza: "Nyar Okuyu, ni kama Kijaluo kabisa!" Nyar Okuyu ni mimi Wairimu, binti wa Wakikuyu. Aliniita hivyo tukichumbiana na sijapata jina jingine hadi leo.

Lakini wiki zilivyokwenda, furaha ikapungua. Mark alimwambia watoto wa Wagong wamehamia Kithai, na hata wale wachache wanaoisema lugha yao wanaitamka kwa mdomo wa Kithai. Sauti za wazee zinaenda na wazee. Tena, Mark akasema, yule mzee wa kwenye tepu ana mapengo mbele, kwa hiyo kuna mpulizo fulani ambao yeye Mark anauacha nje ya hesabu. "Ule ni wa mdomo wake," akasema, "si wa lugha." Solomon alinisimulia hayo huku anamtazama Bridget wetu, miaka kumi na miwili, kajilaza kwenye kochi, nyaya za kunyoosha meno zinameremeta. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa, anakujibu Kiingereza. Kijaluo hakijui hata cha kuombea maji, maana mimi mwenyewe ninachojua ni kusalimia na kukataa.

Na kule Siaya alikuwepo mama yake Solomon, mzee sana, Kiswahili hana, Kiingereza hana. Kila Jumamosi asubuhi tulikwangua kadi ya simu, tukampigia kupitia kwa jirani yake. Bridget akipewa simu, nyanya anazungumza, mtoto anacheka cheka tu kwa aibu, kisha anarudisha simu. Kwenda hatukuweza. Makaratasi yetu ya kukaa Amerika yalikuwa hayajatoka, na ukitoka bila hayo hurudi. Mama alikuwa anadhoofika, tulijua. Solomon aliniambia waziwazi, machozi machoni: "Mama atakufa bila kuzungumza na mtoto wangu."

Basi mwanamume akapata wazo lake. Chepkoech, rafiki yangu wa kazini, alikuwa anaenda Kenya likizo. Solomon akampa kinasa sauti na maagizo, yule jirani awe mkalimani: mama aseme salamu, vyakula, wanyama, majina ya jamaa, kila neno mara tatu, kama yule Mgong. Chepkoech akarudi anacheka hana mbavu. Mama mkwe wangu alikuwa amesema neno "ng'ombe" mara mbili, ya tatu akafoka, "Kwani huyo mtoto wangu amekuwa kiziwi huko Amerika?" Na mwisho wa kaseti, maneno yakiwa yamekwisha, alisikika akiuliza peke yake, taratibu, kama anayeita mtu aliyeko uani: "Solo, be isechiemo?" Solo, umekula?

Solomon aliisikiliza hiyo sehemu amefunika uso.

Halafu mateso ya Bridget yakaanza. Kila akitoka shule, hedifoni! Anasikiliza, anarudia, baba anatikisa kichwa. "Bado. Sikiliza anavyoishusha. Tena." Mtoto akinikimbilia jikoni analia, mimi nawaka, "Solomon, huyu si tepu, ni binadamu!" Lakini, haki ya Mungu, mtoto akanogewa. Baba akamwongezea sentensi, naye akaanza kunitania mezani kwa Kijaluo, ananiuliza kama nimefunga kuku. Alimwiga nyanya yake kila kitu, kikohozi, kuvuta pumzi, hata ule ufokaji. Solomon akafurahi kama kijana aliyekubaliwa posa. "Safi kabisa," akasema. "Hiki ndicho Kijaluo."

Jumamosi ilipofika tukakwangua kadi. Mama akaletewa simu. Bridget akavuta pumzi, akasema, "Amosi, dana. Idhi nade?" Nakusalimu, nyanya, hujambo? Akaendelea: shule, baridi, kuku, yote kwa mfululizo.

Upande wa pili, kimya. Tukadhani kadi imeisha. Mara mama akapaza sauti hata mimi nikasikia nikiwa jikoni, Kijaluo kinamwagika kwa hasira. Solomon akanyakua simu, akasikiliza, akakaa chini.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza nani amemng'oa mtoto meno."

Ndipo tukaelewa. Zamani Wajaluo waling'olewa meno sita ya chini wakiingia utu uzima, na mama mkwe wangu aliipitia mila hiyo. Maneno yake yalipita kwenye lile pengo na mpulizo laini, na Bridget alikuwa ameuchukua wote, na meno yake yote mdomoni na nyaya juu! Solomon hakuusikia mpulizo huo hata siku moja. Kwake yeye, tangu tumboni, Kijaluo kilikuwa hicho.

Alipomhakikishia mama kwamba meno yapo, hasira ikaisha, akaanza kulia. Akasema rika lake wamekwisha. Watoto wa kijijini wote wana meno yao, hakuna tena anayesema hivyo. Alidhani hataisikia tena sauti ile, ya mama yake na dada zake wakiwa kisimani. "Nipe mtoto," akasema. Wakaongea mpaka kadi ikakata kweli.

Mark aliposikia kisa hicho, alicheka sana, akasema angeweza kumsaidia Bridget kurekebisha, kwani ule ni wa mdomo, si wa lugha. Solomon akamwambia, "Uache. Ni wa mama yangu."

Waliongea kila Jumamosi, karibu mwaka. Kisha mama akafariki, na makaratasi yetu yalikuwa bado.

Siku ya mazishi kule Siaya, marafiki walijaa kwetu Silver Spring, wakaomba, wakaimba, wakaenda zao. Solomon aliketi kando ya simu tangu alfajiri. Hakula. Nilimpikia samaki nilivyofundishwa na mama yake mwenyewe, hakugusa. Nikabembeleza, nikagomba, wapi! Alikuwa anasikiliza simu isiyolia.

Bridget akachukua sahani, akaiweka mbele yake. Akapiga magoti, akasema taratibu, kwa mpulizo ule ule:

"Solo, be isechiemo?"

Solomon aliangua kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamume. Kisha akanawa mikono, akala.