Wakusanya madeni walivyonijia na hukumu ya deni nililokwishalipa

Assalaam alaykum wakuu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Pemba, siongezi wala sipunguzi.

Mimi ni seremala, Mtambile. Zamani nilikopa mabati dukani kwa Mzee Nassor, mjini Chake Chake. Nikachelewa kulipa, akanishitaki, akashinda. Sikupinga, deni lilikuwa langu. Nikalipa kidogo kidogo mkononi mwake mpaka likaisha.

Ila kwa hasira za kupelekwa mahakamani, siku niliyomaliza niliondoka bila kuomba karatasi yoyote. Sikukanyaga tena pale.

Ujinga huo, najua.

Mwaka huu wakaja watu wawili na nakala ya hukumu ile. Wakusanya madeni. Kawatuma Hilal, mtoto wa mzee, ndiye anayesimamia duka sasa. Nisipolipa, wataomba mahakama ikamate mikarafuu yangu. Simu kila siku. Wakampigia mpaka mkwe wangu!

Mwisho wakaleta fomu ya kukiri deni, eti nilipe kwa awamu. Nimechoka, kalamu ninayo mkononi. Mke wangu akatoka jikoni.

"Baba Salim, usitie saini hapo. Kwanza nenda mahakamani ukasome faili."

Nikaenda. Dada wa masjala akalitafuta faili mpaka akalipata.

"Hukumu ipo," akanambia, "lakini hakuna palipoandikwa kuwa umelipa. Aliyekushitaki yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mfuate yeye."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu wakuu. Miaka yote ile sijampa hata salamu. Leo niende kumwomba?

Nikajikaza. Nilimkuta barazani kwake, macho hayaoni vizuri. Nikajitaja jina.

"Fundi, ulipomaliza kulipa mbona hukuja tena? Mie nikikungoja tusameheane."

Nikamshika mkono, nikamwomba radhi.

Akamwita Hilal palepale. "Huyu kanilipa zamani. Umeokota karatasi kabatini, ukatuma watu, mie hukuniuliza!" Hilal akainama, akaniomba samahani, akawapigia wale watu mbele yangu waache.

Kesho yake mzee akaja mwenyewe mahakamani, ameshikwa mkono, akatia saini kuwa deni limelipwa. Nakala yangu nimeitia laminesheni.

Siku hizi Ijumaa baada ya sala hupita kwake. Juzi nimemtilia mlango mpya, akakataa kuupokea bure. Tumebishana mpaka tukacheka. Roho yangu nyeupe kabisa.

Nilichojifunza: ukimaliza deni la mahakamani, hakikisha limeandikwa kwenye faili. Wakija watu na karatasi ya zamani, usitie saini kwa woga, kasome faili kwanza. Na ugomvi ukiisha, rudi ukamsalimu mtu.

Nani mwingine kaletewa hukumu ya zamani? Ulitokaje? Wanasheria wa humu, nilipokosea nisahihisheni.