Swali la Baba Siku ya Kubadilisha Abiria

Ukitaka kujua siku ya kubadilisha abiria inavyokuwa, usimuulize abiria. Yeye atakwambia kulikuwa na foleni na kahawa ilikuwa baridi. Niulize mimi, niliyekuwa mhudumu wa vyumba miaka ya tisini, kwenye meli ya watalii iliyotoka Mombasa kila baada ya wiki mbili kwenda kuzunguka visiwa. Saa tatu asubuhi, wa safari iliyokwisha wanatakiwa wawe wameshuka. Saa saba, wa safari mpya wanapanda. Hapo katikati nilikuwa na vyumba kumi na vinne vya kusugua na kutandika mpaka vionekane havijawahi kulaliwa na mtu.

Halafu kuna wanaoendelea. Hao wamelipia safari mbili mfululizo, kwa hiyo hawaendi popote. Unawaambia waache mizigo chumbani, wabebe pasipoti, wakae ukumbini mpaka meli yote ihakikishwe kuwa tupu, ndipo wapewe kadi mpya na kurudi kwenye vitanda vyao vilevile. Hawaelewi. Kila safari nilimkuta mmoja amepanga masanduku mlangoni tayari kwenda kwao, na mwingine amejifungia bafuni hataki kuhesabiwa. Wote unawaitikia vizuri, maana ndiyo kazi.

Mimi ni Mmbeere, wa upande wa chini wa Embu, kwenye ukame na mbuzi. Jumamosi moja ya namna hiyo baba alikuwa dukani Siakago akingoja nimpigie simu. Barua yake ilikuwa imenifikia safari iliyotangulia, na haikuwa na salamu nyingi. Mwalimu mmoja wa Kanyakine alikuwa anawaleta wazee wake kuniposa. Kwetu, baba hanywi pombe ya posa kabla hajamuuliza binti mwenyewe mara tatu kama anywe. Binti akikataa, wageni wanaondoka na pombe yao. Baba alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo pombe yenyewe ilikuwa kreti mbili za soda, lakini swali halikubadilika. Na kwa kuwa likizo yangu ilikuwa mbali, wazee waliamua niulizwe kwa simu, saa tano kamili, hapo hapo dukani.

Mwalimu sikumchukia. Alikuwa mtu wa maana, halewi, ana ng'ombe wawili wa maziwa. Shida ni kwamba sikumtaka. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na saba, shangazi zangu walikuwa wamechoka kuniombea na wameanza kunisema, nami nilikuwa nimejiambia kwamba kutomtaka mtu si sababu ya kutosha.

Saa tano ilinikuta nimepiga magoti nikimbembeleza bibi mmoja wa wanaoendelea. Alikuwa ameketi kitandani na kofia kichwani, hatoki ng'o mpaka ahakikishiwe kwamba mto wake hautabadilishwa. Nikaapa kuulinda ule mto. Saa sita na nusu ndipo niliposhuka mbio hadi kibanda cha simu bandarini, mikono yangu ikinuka dawa ya choo.

Mwenye duka alipokea akaniambia ningoje. Nikasikia viti vinaburutwa. Baba hakuniuliza habari za meli. Alisema wageni wapo tangu saa nne, jua ni kali, na hakuna aliyegusa chupa. Kisha akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kama anywe. Nikajibu haraka kwamba ndiyo, bila shaka. Akauliza mara ya pili. Nikajibu vilevile, huku natazama saa. Nikangoja swali la tatu, na simu ikakatika.

Nilipiga tena, haikupokelewa. Nikarudi kuwalaki wageni wapya kwa tabasamu, na moyoni nilikuwa na aibu kubwa, kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Binti gani anafurahi simu ya posa yake ikikatika? Sikumwambia mtu.

Nilifika nyumbani miezi miwili baadaye. Baba alikuwa uani na ungo mapajani, anachagua ndengu. Nikaanza kuzilaumu simu za siku hizi. Akaniambia simu ile haikuwa na kosa lolote.

“Niliikata mimi,” akasema. “Nilikuuliza kwa Kimbeere ukaniitikia kwa Kizungu. Mara mbili. Nikaona huyu si mwanangu anayejibu, ni kazi.”

Wageni aliwaambia laini imeharibika, na kwa kuwa majibu mawili hayatoshi kunywea, wakapakia soda zao kwenye pikapu wakarudi Kanyakine na kiu yao. Mzee wa kanisa alidanganya mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Sikukumbuka hata kidogo kwamba nilisema Kizungu. Kisha baba akaweka ungo chini, akaniuliza mara ya tatu, kwa Kimbeere, polepole, tukiwa sisi wawili tu, kama anywe.

“Usinywe, baba,” nikamjibu.

“Haya,” akasema, akauchukua ungo wake na kuniomba maji. Nilienda kuyachota nikilia kwa furaha, na nilipomletea alinywa kikombe chote bila kuniangalia usoni.