Nambari Nane Kwenye Websaiti

Siku hizo neno tovuti lilikuwa halijafika Embu. Tulisema websaiti, na katika chuo chetu cha kompyuta, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, waliowahi kuiona walikuwa wanne: mwalimu, mimi, na wengine wawili ambao bado nina shaka nao.

Nilikuwa nimeacha biashara ya miraa Kangeta, ambako nilijifunza kuhesabu kila bunda mara mbili, mara ya kwanza mbele ya muuzaji na ya pili akishageuka. Chuoni wakaanza kunifundisha kupiga chapa. Nikamwambia mwalimu kuchapa najua tayari, kwa hivyo masomo hayo ayatoe na mahali pake aniwekee kurasa za intaneti. Alikuwa kijana wa Mbeere, mpole, na hakuwazoea watu wa kuvutana bei. Siku ya tatu alinitolea fotokopi ya kitabu cha HTML, lugha ya kuandikia kurasa hizo, za katikati zimepotea.

Mimi na HTML tulipatana. Ukifungua alama ya maandishi mazito lazima uifunge, la sivyo ukurasa wote unakuwa mzito mpaka chini. Nilihesabu za kufungua, nikahesabu za kufunga, zikilingana ndipo nikahifadhi kwenye disketi. Wiki ya tatu nilikuwa na ukurasa wangu: jina, picha ya mlima niliyoikuta ndani ya kompyuta, na aya moja ya Kiingereza ikisema mimi ni wa nne kati ya watoto wanane, na kwamba nyumbani Mikinduri, kule Meru, tuna mbuzi kumi na wanne. Sikuona ubaya. Kitabu kilisema msomaji hapendi maneno ya juu juu.

Wanafunzi tulipewa laini ya simu ya kuingilia mtandaoni Alhamisi pekee. Alhamisi hiyo mwalimu akaupandisha ukurasa kwenye mtandao, na mwisho wa wiki nikaupeleka nyumbani ukiwa umechapishwa kwenye karatasi.

Dada yangu alikuwa amerudi kwa mama kungojea kujifungua. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika. Hii ilikuwa imefika mwezi wa nane, na mle nyumbani hata mlango ulifungwa polepole. Ndiye aliyeisoma karatasi, akimtafsiria mama kwa Kimeru. Alipofika kwenye wanane alisita, lakini neno lilikuwa limeshamtoka.

Mama akaacha kuambua maharagwe. Kwetu watu hawahesabiwi, wala mifugo. Ukitaja idadi umekionyesha kifo pa kuanzia. Karani wa sensa alipokuja kwake, mama alimtajia majina tu, dhambi ya kujumlisha akamwachia karani.

"Hiyo karatasi inasomwa na nani?" akauliza.

"Dunia nzima," nikasema. Kwa kweli ilikuwa imesomwa na mwalimu.

"Na dada yako yuko na tumbo hilo. Itoe."

Nikajaribu kupatana. "Nikiandika saba?"

"Utakuwa umemzika nani?"

"Basi tisa."

"Huyo wa tisa baba yako alimpata na nani?"

Dada alicheka mpaka akashika tumbo, mama akamwambia anyamaze.

"Sema bei yako, mama."

"Andika tuko wa kutosha. Na mbuzi wapo." Akarudia maharagwe yake. "Lakini kabla hajajifungua. Umesikia, mwana wakwa?"

Sokoni sijawahi kushindwa hivyo.

Jumatatu nilimwomba mwalimu laini, akasema ni ya ofisi. Jumanne nikamwomba dakika kumi, Jumatano tano. Akaniambia hata nikishuka mpaka sekunde, Alhamisi haitasogea.

Alhamisi asubuhi jirani yetu mwenye duka alipiga simu chuoni. Dada amepelekwa hospitali tangu alfajiri, wiki kadhaa kabla ya siku zake. "Na mama yako anauliza kama umetoa," akasema, bila kujua ni kitu gani. Mambo hayo mimi siyaamini. Nilijiambia hivyo siku nzima, huku vidole vikikosea herufi.

Laini ilifunguliwa saa saba mchana. Tukapandisha ukurasa mpya, nikaufungua: wanane. Tukapandisha tena: wanane. Mbuzi nao kumi na wanne, hakuna hata mmoja aliyepotea. Nikakagua disketi, nikaikagua tena. Humo tulikuwa wa kutosha. Hivyo hivyo kwa saa mbili. Mwishowe nikapiga meza.

"Polepole, mzee," mwalimu akasema. "Hapa si Meru, mashine haipigwi."

"Inanidanganya hii."

"Haikudanganyi. Inakupakulia chakula cha jana. Ule ukurasa wa wiki iliyopita iliuweka akiba, ndio inakuletea kila ukiomba. Wetu mpya uko huko tangu saa saba."

Akafuta ile akiba, akafungua upya. Mlima ukashuka mstari kwa mstari, kisha aya. Tulikuwa wa kutosha. Hilo somo, nilikuja kugundua, lilikuwa kwenye kurasa zilizopotea.

Jumamosi nikafika hospitalini. Mtoto alikuwa msichana, mdogo sana, mzima. Mama alikaa kando ya kitanda kama askari wa lindo. Kwenye kadi ya mtoto muuguzi alikuwa ameandika: Alhamisi, saa nne asubuhi. Nikaisoma mara ya pili. Saa nne asubuhi, duniani kote, tulikuwa bado wanane.

"Uliitoa?" mama akauliza.

"Niliitoa."

"Kabla?"

Dada alikuwa ananitazama. Kusoma anajua, na alikuwa na siku mbili za kuitazama kadi ile. Habari ya laini ya Alhamisi, kwamba hufunguliwa saa saba mchana, nilikuwa nimemweleza mwenyewe.

"Kabla," nikasema.

Mama akaniwekea mtoto mikononi.