Sauti Iliyokwenda kwa Waganda

Kusoma sijui. Simu yangu naijua kwa picha. Miaka ile wasichana wa kazi walipokuwa wakimiminika Riyadh, kila watu walikuwa na grupu lao la simu, na picha yake. Sisi wa pwani, birika la kahawa. Wakenya wa bara, mlima. Waganda, wengi wao madereva, ndege wao mwenye ushungi. Miye, kizee wa Jeddah niliyeletwa na wazee wangu kutoka Unguja, nilitiwa kote, maana nikituma sauti watu hucheka. Namwiga kila mtu.

Wao kwa wao hawakutaka kujuana. Wa bara husema, "Shosho, hao wa Coast ni fitina tu." Wa pwani husema, "Bibi, Mganda akisema Kiswahili kama anatafuna mawe." Nami nachukua ya huku napeleka kule kama tarishi, nikitia na chumvi.

Alikuwapo binti mmoja wa Kilifi, kazi za ndani, huko Riyadh. Madam wake akilala alasiri, yeye hunitumia sauti kidogo, na nyuma yake nilizoea kumsikia madam akiamka, sauti ya puani, inapanda mwishoni kama bawaba kavu, kumuuliza yuko wapi, aje upesi: "Wenik? Yalla, yalla, yallaaa." Mtaa wenyewe binti hakuujua. Alitolewa uwanja wa ndege akaingizwa ndani, basi.

Siku zikapita kimya. Halafu alasiri moja ikaja sauti ya kunong'ona, nikaibandika simu sikioni.

"Bibi, naumwa, mwili wote moto. Madam amenifungia chumba cha juu. Kesho asubuhi wanasafiri. Baba mwenye nyumba kaambiwa mimi niko kwa dada yake madam. Wananiacha humu, bibi. Simu inazima."

Ikazima kweli. Napiga, mafi, hakuna kitu.

Mwanangu alikuwa kazini bandarini, na hata angekuwapo ningeijua kauli yake: "Mama, usiingie nyumba za watu. Kafili akisikia, ikama zetu halas." Wala hasemi uongo. Tumezeekea hapa, lakini hizo ikama, karatasi zetu za kukaa, ziko mkononi mwa kafili, mdhamini wetu. Nilimwogopa kafili, na kile chumba cha juu nilikiogopa zaidi.

Nikabonyeza birika la kwanza nililoliona. Nikaeleza yote, na kwa kuwa siwezi kueleza bila kuiga, nikamtoa na madam vilevile, pua na yalla zake. Nikamalizia: "Anayeijua nyumba aseme. Lakini Waganda wasijue, hawana kifua, wataitangaza Riyadh nzima."

Likanijibu dume. Na grupu letu halina mwanamume.

"Mama wa Jeddah, hapa ni kwa Waganda. Tumesikia yote."

Kumbe mwenzao mmoja kafungua kibanda cha chai kwao Masaka, wakamtoa ndege wakaweka birika kumpongeza. Miye ningejuaje? Nikaona maneno yanatoka kwa madereva, yanafika kwa mabosi, kwa madam, binti anapokonywa hata ile simu, kisha polisi mlangoni kwangu. Nikatafuta pa kuifutia ile sauti, nikaishia kujipiga picha ya kidevu.

Ikaja sauti nyingine, ya dereva wa gari la maji, anakaa Al-Sulay, huko huko Riyadh, na wenziwe.

"Mama, rudia ile ya madam."

"Unanitania, mwanangu?"

"Hapana. Rudia tu."

Nikarudia. Akajibu: "Huyo mimi najua. Napelekaga maji kwake. Ananiitaga hivyo hivyo kwa geti. Lakini kesho si siku yake ya maji."

"Sasa utaendaje?"

"Nitaenda tu."

Nao Waganda kweli hawakunyamaza. Kabla ya magharibi sauti yangu, pamoja na mtaa alioutaja dereva, ilikwisha fika kwa wa bara na kwa wa pwani, na tusi langu limo. Mmoja wa bara akanitumia: "Shosho, wasichana wa hiyo mtaa wote wako kwa dirisha. Gari ikitoka, tutajua."

Yaliyotokea asubuhi alinisimulia dereva mwenyewe kabla ya adhuhuri, kwa simu kutoka hospitali. Alikuta gari la familia limeshapakiwa, baba yuko getini.

"Maji sikuagiza."

"Nimekuja kwa ajili ya msichana mgonjwa, baba."

"Hayupo. Yuko kwa shemeji yangu."

"Yuko juu, baba."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua. Waganda, Wakenya, watu wa Jeddah. Wote."

Baba akamtazama madam, madam akainamia mkoba wake. Baba akapanda ngazi mwenyewe, akateremka amembeba binti kama furushi la nguo, akamlaza kwenye lile lile gari la safari, hao hospitali, dereva nyuma yao.

Kutwa simu haikunyamaza. Watu nisiowajua, wa birika hili na lile, wa mlima.

"Shosho, mtoto wetu amekula?"

"Mama, mtoto yetu imekula?"

"Bibi, mwanetu kala?"

Nikawajibu wote, kala uji kidogo. Sikuwaambia kuwa ikama ya binti bado iko kwa madam, na kwamba dereva tangu adhuhuri nampigia, hapokei.