Doa kwenye Ukuta wa Kati

Nyumba yetu ya mtaa wa Dilala ni nusu ya nyumba. Kampuni ya mgodi ilijenga hivyo zamani: familia mbili chini ya paa moja, ukuta mmoja katikati. Upande wa pili anakaa mama mmoja Mwislamu, kwao Kasongo, muuza vitenge katika soko la Manika. Kwa miaka miwili tulisalimiana tu, "Jambo, mama," kila mtu akaingia kwake.

Sababu ilikuwa doa. Lilitokea kwenye ukuta huo, katika chumba cha watoto, kimo cha goti, pana kama sinia. Mume wangu alilikwangua, akapaka rangi. Baada ya wiki tatu rangi ikavimba na kubanduka, chini yake unga mweupe kama chumvi. Akapaka tena.

"Ni mvua inaingilia huko juu," aliniambia.

"Sasa juu kuko kukauka," nikamjibu. "Maji inapita wapi mpaka ikuje kulowanisha chini tu?"

Basi tukaamua, bila hata kulisema wazi, kwamba kosa ni la bafu la jirani.

Mimi nafundisha darasa la nne, na nimezoea kutoamini jibu linalokuja upesi. Nilichukua penseli nikachora mstari kuzunguka doa. Kila Jumamosi nilichora mwingine. Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia na baridi yake, doa likaendelea kupanuka. Mvua ikatoka kwenye orodha yangu. Kisha maji ya bomba yakakatika mtaa mzima kwa siku tisa. Jirani aliendelea kuoga kwa maji ya kisima. Kila asubuhi nilisikia kopo likigonga ndoo upande wa pili. Lakini doa likarudi nyuma, likavuka mistari yangu mmoja baada ya mwingine.

Nilikaa kwenye kitanda cha watoto nikaona aibu. Bafu lilikuwa linatumika na ukuta unakauka. Nilikuwa nimemnunia mtu bure.

Mchana huohuo nilimbishia hodi.

"Mama, samahani," nilisema. "Ukuta ya katikati, kwako iko namna gani?"

Alinishika mkono, akanipeleka chumbani kwake na kusogeza kabati. Doa lilikuwa pale, ndugu pacha wa letu.

"Mi nilizania ni kwenu maji inatokea," alisema. "Nikanyamaza juu ya heshima."

"Na siye tulizania ni kwako."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, nami nikacheka naye.

Yeye ndiye aliyemjua fundi, mzee mmoja mstaafu aliyetengeneza mabomba ya nyumba hizi tangu ujana wake. Maji yaliporudi alikuja, akatuambia tufunge mabomba yote ya pande mbili, kisha akainamia mita ya maji tunayotumia pamoja. Sindano yake ilikuwa bado inazunguka, polepole.

"Hakuna mwenye kuchota, na maji inaenda," alisema. "Basi ukuta ndiyo inakunywa."

Alitoboa kwenye doa mpaka akatokea upande wa pili. Ndani kulikuwa na bomba la chuma lililoliwa na kutu, lililowahi kupeleka maji uani kabla sisi sote hatujahamia, na bado limeungwa na bomba kuu. Alilikata, akaliziba, akatukataza kufunika tundu mpaka matofali yakauke kabisa.

Likakaa wazi majuma sita. Watoto wake na wangu walipitishiana karanga na kalamu mle, wakafundishana nyimbo. Fundi aliporudi na sima, saruji ya kuzibia tundu, jirani alimwambia, "Tata, ngojea kwanza batoto bamalize muchezo yabo." Mzee akaketi, akaletewa chai.

Sasa ni msimu wa mvua wa pili. Rangi imeshika vizuri. Siku hizi nikiishiwa mkaa sioni haya kumwita jirani yangu juu ya ua, na yeye akienda sokoni mapema, watoto wake hunywa uji kwangu kabla ya shule.